Ndevu za Mti Dirishani kwa Elieshi

Mama mwenzangu unayewasha jenereta karibu na mahali mtoto anapolala, soma haya mpaka mwisho, hata kama katikati utanicheka. Mtaani kwetu Gerezani wameshanicheka, wakachoka, sasa wananihurumia, na huruma ndiyo inauma zaidi. Hakuna siri hapa. Ukiuliza kwa Mama Evelyn wa kuku wa barafu utaonyeshwa, na atakayekuonyesha atakuhadithia njiani. Ila wao wanahadithia ili mcheke. Mimi naandika ili uinuke uende ukaangalie dirisha la mwanao.

Niliishia darasa la saba, kwetu Mwika. Dar nilikuja nikiwa nimeolewa, tukaanza na meza ya vitunguu Kariakoo, Mungu akatusaidia tukapata fremu hapa Gerezani. Mbele duka, nyuma vyumba viwili, halafu ua. Baba Evelyn anaendesha lori la makontena, anapakia bandarini anakwenda Zambia, kwa hiyo duka na watoto ni mimi. Nauza kuku wa kugandishwa, samaki na maji ya baridi. Ukiuza vitu hivyo, umeme ukikatika unasikia kama mtu amekufungulia bomba la mtaji wako, unamwagika unauona. Ndiyo maana nilinunua jenereta ya dizeli, ya mitumba. Mbele ingefukuza wateja, uani ingechafua nguo, nikaiweka kwenye uchochoro wa ubavuni mwa nyumba. Nilijiona nimepata akili nyingi kuliko majirani.

Kwenye uchochoro huo huo ndipo linapofungukia dirisha la chumba cha watoto.

Kitindamimba wangu anaitwa Elieshi, ana miaka sita. Ana kifua. Kikianza, mbavu zinaingia ndani, shingo inasimama, na pumzi yake inapiga mluzi mpaka mteja aliyeko dukani anauliza ni nini hicho. Mwenye mtoto wa hivyo ananielewa. Unakuwa unauza kuku huku sikio moja liko chumbani. Unamlaza, unaenda, unarudi kumsikiliza, unaenda tena. Daktari alinipa dawa ya kupuliza mdomoni, akaniuliza, "Nyumbani kuna moshi?"

Nikamjibu haraka sana. "Upo, daktari. Wa jirani."

Jirani mwenyewe ni Beno, mtu wa Masasi, fundi wa kunyoosha bodi za magari na kupiga rangi. Gereji yake iko ng'ambo ya uchochoro. Mchana anapuliza rangi na kompresa, jioni anakusanya matambara yenye oili chafu anayachoma. Sasa moshi wa mwenzio unaunusa kabla haujafika. Wa kwako hauna harufu, unanukia riziki. Mimi nilikuwa nikisikia mluzi wa kifua cha Elieshi, macho yangu moja kwa moja kwenye bati la Beno.

Siku moja nilimfuata pale pale kwenye kazi yake, mbele ya wenye magari.

"Beno, unaniulia mtoto!"

"Dada mkubwa, tuanze na salamu, ya mtoto tutayafikia."

"Salamu kawape kwenu Masasi! Mmekosa pa kwenda mnakuja kuua watoto wa watu na marangi yenu!"

Nimeandika kama nilivyosema. Wenye magari walicheka, wengine wakaguna, na mimi nikarudi dukani nimeinua kichwa kama mtu aliyeshinda kesi. Beno aliinama akaendelea kupiga msasa mlango wa gari la mtu.

Evelyn ndiye binti yangu mkubwa, yuko chuo kikuu, anasoma mambo ya mazingira. Mwaka huu alipanda mlimani kwetu yeye na wenzake na mwalimu wao. Akarudi na boksi lililoshikwa kama keki ya harusi. Usiku ule tukila, akaniuliza:

"Mama, unazikumbuka zile ndevu za kwenye miti ya miruka, shambani kwa bibi?"

Nani wa kwetu asizikumbuke? Zinaning'inia kwenye matawi, za kijani iliyopauka, nyembamba kama nywele za mzee. Utotoni tulizichuma tukajibandika kidevuni tukacheza kikao cha mababu.

"Basi ndiyo kazi tuliyokuwa tunafanya. Kuhesabu hizo na ndugu zake. Ziko zilizolala kwenye gome kama rangi iliyobanduka. Ziko zenye vijani vijani. Halafu ndizo hizo ndevu. Kule juu kwa bibi, mti mmoja una aina nyingi mpaka nikachoka kuhesabu. Tukashuka, tukashuka. Kufika Moshi mjini, ndevu hakuna. Pale karibu na stendi ya mabasi mti mzima una madoa ya njano tu, kama mtu kamwagia uji."

"Nani kaziondoa?"

"Hewa. Hazina mizizi, mama. Hazina hata ganda la kujikinga. Maji yao hewani, chakula chao hewani, kilichomo hewani chote kinaingia. Wewe ukivuta moshi unakohoa. Zenyewe haziwezi kukohoa, zinakufa. Ndevu ndizo zinaanza kufa. Kwa hiyo ukiona ni aina gani zimebaki kwenye miti ya mji, umejua watu wa mji huo wanavuta nini, hata kama huna mashine."

"Mimi naweza kukohoa," akasema Elieshi, na akakohoa kutuonyesha. Tukacheka wote.

Evelyn akasema Gerezani amezunguka kwenye kila mti, mpaka ile iliyoegemea ukuta wa reli, na hakupata cha kuhesabu. Kwa hiyo amezileta mwenyewe. Bibi yake alimruhusu akachuma kwenye miruka ya shambani, akazitia kwenye vifuko vya wavu kama vile vya vitunguu saumu. Kimoja atakitundika Upanga, uani kwa mdogo wangu Caroline, ambako ni mbali na barabara. Hicho cha Upanga ni cha kumwonyesha joto la Dar peke yake linazifanya nini, asije akasingizia moshi. Kingine gerejini kwa Beno. Kingine dirishani kwetu.

"Gerejini kwa Beno weka viwili," nikamwambia.

Beno alikubali kutundikiwa. Tena alicheka mpaka akashika tumbo. "Wachaga bwana! Hata ndevu za miti mnazipakia kwenye basi zije mjini kutafuta maisha!" Wenzake wakapasuka. Mimi sikucheka. Moyoni nikasema cheka tu, hizo ndevu ndizo zitakazokutoa hapa.

Cha kwetu Evelyn alikifunga kwenye nondo za dirisha la chumba cha watoto, kwa nje. Akaniambia, "Mama, kiacheni kama kilivyo. Mtu asikiguse," akarudi hosteli.

Mteja wangu Bi Ummy alipokiona tu akaninong'oneza, "Mama Evelyn, hicho cha dirishani ni cha kuita wateja? Nipeleke na mimi kwa huyo mtaalamu." Nikamwambia ni kazi ya shule ya Evelyn. Nikaisema kwa sauti ili na wengine wasikie.

Mnielewe hapo. Mtu aliyeishia darasa la saba, mwanae akifika chuo kikuu, karatasi ya mwanae si karatasi tena. Madaftari ya Evelyn tangu chekechea niliyafunika kwa karatasi za kalenda, na mpaka leo yako kabatini juu ya sahani za wageni. Akiniachia kitu cha masomo, mimi nakilinda kuliko duka. Mtoto gani angekigusa nikiwepo?

Basi umeme ukakatika mchana. Nikakimbilia uchochoroni, nikashika kamba ya jenereta nivute, nikainua macho. Kifuko kile pale, juu kidogo ya bomba la moshi. Nikasema hapana, kazi ya mtoto itaharibika. Nikakifungua taratibu, nikakipeleka upande wa pili wa ua kwenye kamba ya nguo, panapopita upepo, nikakibana na kibanio. Nikarudi. Elieshi alikuwa amelala usingizi wa mchana, nikalirudisha dirisha kelele zisimwamshe, nikavuta kamba, jenereta ikaitika.

Umeme uliporudi nikazima. Nikangoja moshi uishe uchochoroni, nikakirudisha kifuko dirishani pale pale, upande ule ule, hata fundo nililifunga kama alivyolifunga yeye.

Nikafanya hivyo kila ulipokatika, na msimu ule ulikatika sana. Mvua ikinyesha naacha, maana hata kwa bibi inanyesha. Moshi tu ndio nilikikinga nao. Na sikuwahi kusahau. Kuna siku nilisahau kumpa Elieshi dawa yake, nilikuwa na wateja wengi. Kifuko sikukisahau hata mara moja.

Kifua cha Elieshi kikazidi. Ikafika Ijumaa moja, jua kali, umeme hakuna tangu asubuhi, nimeingia chumbani nikamkuta ameketi kitandani ameshika magoti, midomo imepauka. Hakuweza kuniita. Nikambeba hivyo hivyo na khanga moja, bajaji ikatukimbiza hospitali. Wakamwekea hewa. Nilikaa pembeni ya kitanda nikimwangalia yule mtoto akivuta hewa ya chupa, na badala ya kuomba nilikuwa nikimlaani Beno. Nilimtaja kwa jina kwa Mungu.

Tuliporuhusiwa sikwenda hata nyumbani kubadili nguo. Nilipitia ofisi ya serikali ya mtaa.

"Namtaka Beno ahamishwe pale," nikamwambia mwenyekiti.

"Mama Evelyn, na yeye anakula pale. Nahitaji kitu cha kushika, siyo maneno."

"Kipo. Mwanangu wa chuo amekipima. Njoo Jumamosi."

Nikawaambia watu. Mungu anisamehe, niliwaita kama ninavyowaita kwenye kipaimara. Jumamosi uchochoro ukajaa: wauza vipuri, wateja wangu, mafundi wa Beno, Bi Ummy na mwenyekiti kwenye kiti cha plastiki nilichomtolea mimi mwenyewe. Elieshi nilimweka ndani, dirisha wazi, apate kuona mama yake anavyompigania.

Evelyn alikuwa ametoka Upanga kuchukua kifuko cha Caroline. Akatungua cha Beno, akatungua cha kwetu. Akaviweka kwenye sinia langu vyote vitatu. Hata asiyesoma aliona. Za Upanga zilikuwa zimepauka kidogo lakini ndevu bado ni ndevu. Za Beno zilikuwa zimekuwa kahawia, ncha nyeusi, ukizigusa zinavunjika kama majani ya chai.

"Haya!" nikasema. "Mwenyekiti, unaona mwenyewe!"

Beno hakuwa na mzaha siku hiyo. Alikuwa anazitazama zile ndevu zake kwenye sinia. "Zimekufa kweli," akasema polepole. "Na mimi ndiyo hewa ninayovuta hiyo, dada. Mimi na hawa vijana."

"Hayo ni yako. Mimi nataka mwanangu apumue."

Lakini Evelyn hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameshika kifuko cha dirishani kwetu, anakigeuza, anakiweka kwenye mwanga, uso umekunjamana kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu.

"Ila hiki sikielewi," akasema. "Hiki ni kizima. Kizima kuliko hata cha Upanga. Dirisha hili na gereji ya kaka Beno ni hatua chache tu. Kama moshi wake unafika hapa, hizi zingeonyesha. Na Elieshi anaumwa hapa hapa." Akaniangalia. "Mama, kiliwahi kudondoka? Kuna mtu alikichukua?"

Hapo ndipo ninapoona aibu hata kuishika kalamu. Maana mimi nilitabasamu. Nilidhani naulizwa swali la kusifiwa.

"Kidondoke mimi nipo? Nilikitunza kama yai, mwanangu. Kila nikitaka kuwasha jenereta, kabla sijavuta kamba, nakitoa kwanza hapo, nakipeleka kule kwenye kamba ya nguo kwenye hewa safi. Nikizima, nangoja moshi wote uishe, ndipo nakirudisha. Sijakosa hata siku moja. Ulizeni watu."

Nikawageukia watu wanikubalie. Bi Ummy alikuwa amejiziba mdomo na ncha ya mtandio.

"Ulikuwa unakitoa," akasema Evelyn.

"Si kazi yako ya shule?"

"Kwa nini ulikuwa unakitoa, mama?"

"Kisipate moshi," nikasema.

Nikakisikia nilichosema. Lakini mdomo wangu ulikuwa bado unatabasamu, haujapata habari.

Aliyeuliza ni Beno. Hakuuliza kwa kunikomoa, na afadhali angenikomoa. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu. "Na mtoto, dada? Yeye ulikuwa unampeleka wapi?"

Watu wote wakageuka kwenye dirisha. Elieshi alikuwa amesimama kitandani, ameshika nondo, anatutazama. Chini yake kidogo, bomba la jenereta yangu, na ukutani kuanzia bombani mpaka kwenye matundu ya hewa juu ya dirisha, masizi meusi yamepanda kama mti. Ukuta ule nimeupita miaka. Niliuona siku ile.

Nilitaka kusema nilikuwa nalirudisha dirisha. Nikayaangalia yale matundu.

Mwenyekiti alisimama, akasema tutaonana wiki nyingine, akaenda bila kuaga vizuri. Watu wakatawanyika wakiongea chini chini. Kiti cha plastiki kikabaki katikati ya uchochoro, na mimi sikuweza kwenda kukichukua, maana Beno na vijana wake walikuwa wamesimama pale.

Ndani, Evelyn hakunigombeza. Alikaa kitandani kwa Elieshi akamfuta pua. Akasema, "Hiki siwezi kukitumia, mama. Kimekaa kwenye hewa uliyokichagulia wewe." Baadaye akasema, kama anaongea na ukuta, "Ningeandika kwamba dirisha letu ni safi. Ningemwambia hata daktari wake hivyo, kwamba nyumbani hakuna tatizo."

Nikampigia Baba Evelyn, yuko kwenye foleni Tunduma. Nikamweleza yote. Akaniuliza, "Elieshi yuko wapi saa hizi?" Nikamwambia amelala. "Amelala wapi?" akauliza. Nikainuka nikaanza kumfungia nguo zake.

Jioni ile ile Elieshi alikwenda Upanga kwa Caroline. Evelyn akatundika dirishani kifuko kingine alichokuwa amekiweka akiba, akaniambia niwashe jenereta kama kawaida yangu, nisikiguse, mtoto hayupo, tuone ukweli wake. Ningeweza kukataa. Ningesema ukweli ninao tayari. Lakini nilijijua. Baada ya mwezi ningeanza kujidanganya kwamba haikuwa sana, kwamba ni Beno. Nikakubali.

Kabla ya hapo lakini nilikuwa na deni la maneno. Kwetu ukimkosea mtu, humwendei na mdomo mtupu. Unachuma jani la isale, unampelekea. Ukimpa, hana ruhusa ya kukataa kukusamehe, hata kama ulimwaga damu. Jani linasema kwa niaba yako, wewe unainamisha kichwa tu. Gerezani isale utaitoa wapi? Nikaikuta Upanga, jirani yake Caroline, mama mmoja wa Kihindi, ameipanda kwenye chungu barazani kama pambo. Nikamwomba jani moja. Akanipa matatu, akidhani nakwenda kupamba meza.

Nikavuka uchochoro asubuhi, gereji haijachangamka, nikamnyooshea Beno jani kwa mikono miwili, kichwa chini.

Akalipokea. Akaligeuza. Akalinusa.

"Dada mkubwa, hii mboga au dawa?"

Nikabaki nimeinama. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu wa Masasi hana habari na isale. Jani langu lilikuwa bubu pale. Kwa hiyo ikabidi niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu ule ule uliomwambia arudi kwao, mbele ya wale vijana waliokuwa wamezima kompresa wasikilize.

"Ni ya kuomba radhi," nikasema. "Nilikuita muuaji. Moshi ulikuwa wangu."

"Kwetu mtu akikosea anasema tu," akajibu. "Haya, umesema." Akalichomeka lile jani kwenye tundu la ukuta, pale pale kifuko chake kilipokuwa kimetundikwa. "Na mimi zangu zilikufa, Mama Evelyn. Usinisafishe kupita kiasi. Matambara sitachoma tena hapa. Rangi siwezi kuacha, ndiyo ugali." Halafu, alivyo, akaongeza: "Ila siku nyingine ukileta mashahidi, acha ndevu na majani, walete wenye midomo."

Nikacheka. Nilipofika dukani nikalia.

Kifuko kipya kilikaa dirishani. Umeme ulipokatika niliwasha, nikasimama mlangoni pa ua kutazama. Moshi ulitoka bombani, ukapanda, ukakizunguka, ukaingia kwenye matundu ya chumba kisicho na mtu. Mikono ilikuwa inaniwasha kwenda kukitoa. Ndiyo, mama mwenzangu, hata siku ile mikono yangu ilikimbilia kifuko. Nikaikunja kwapani. Wiki za mwanzo ndevu zikapoteza ukijani. Baadaye zikawa za kahawia, baadaye ncha zikawa nyeusi. Evelyn alipokuja kuzitungua akaziweka kando ya zile za Beno, na za Beno zikaonekana afadhali.

Aliniuliza kama nimekula.

Jenereta sasa imefunikwa turubai. Friza mbili nimeziuza, nimebaki na moja, na ukikatika umeme nawaambia wateja leo hakuna kuku, chukueni mayai. Ukuta nimeupaka chokaa lakini masizi yanarudi kujitokeza kwa chini. Elieshi alirudi juzi. Kifua chake kimepungua mluzi, hakijaisha, na daktari hajaniahidi kwamba kitaisha. Nimemuuliza mara mbili, mara zote mbili ananiambia tuendelee kuangalia. Kwa hiyo naangalia. Nalala sikio liko kwake.

Kile kifuko kilichokufa nilimwomba Evelyn aniachie. Nakiweka juu ya kaunta, kando ya mizani. Anayeuliza namwambia. Wako wanaocheka, na yuko mama mmoja wa mtaa wa pili aliyeacha kuku aliowalipia akaondoka mbio kwenda kwake. Hata jina lake silijui.

Siku aliyorudi, Elieshi alipanda kwenye kiti akakiona. Akakichukua kabla sijamkataza, akakisogeza puani, akafumba macho, akavuta kama mtoto anavyonusa maandazi. Akatabasamu.

"Mama," akasema, "kinanukia kama chumbani kwetu."